Chupa za Kahawia

Kaka yangu alimwaga vifungo vyangu vyote kwenye mfuko mmoja wa nailoni, akachukua chupa zangu za kioo. Hakuniomba. Mimi ni fundi cherehani, na siku nzima nilikaa kuchambua vifungo kimoja kimoja huku namlaani.

Alikuwa anatengeneza maji ya fedha ya kumtibu mama: nyaya mbili za fedha, betri, na maji ya chupa kutoka dukani. Mama alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kufunga. Hospitali walitaka kumlaza, kaka akasema wale wanatafuta wa kumkata mguu. Mama akamwamini. Machoni pake huyo hajawahi kukosea, hata alipokuwa anakosea mbele yake.

Chupa zangu alizipanga dirishani. Maji yakageuka kijivu, kama ya kufulia soksi. Lawama nikabebeshwa mimi.

"Chupa zako hovyo. Zinapitisha mwanga. Fedha ikipigwa na mwanga inakuwa nyeusi."

"Si ulizichukua mwenyewe?"

"Wewe shona nguo."

Akamwaga yote, akaleta chupa tupu za kahawia zilizokuwa na dawa ya kikohozi, akazijaza maji mapya, akazifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Kuanzia hapo mama alinywa kijiko asubuhi na kijiko jioni, miezi na miezi. Kila nikimtaja daktari, kaka alinijia juu. Kidonda kilinuka mpaka sebuleni, naye anasema uchafu ndio unatoka.

Siku moja nilikwenda kumkata mama kucha. Alikuwa kwenye kiti chake dirishani, kaka alimweka pale kila siku apate jua. Kucha zilikuwa na rangi ya majivu. Nikadhani uchafu, nikasugua kwa sabuni, wapi. Viganja vivyo hivyo, uso vivyo hivyo. Nikampandisha mkono wa gauni. Juu ya kiwiko, ambako jua halifiki, ngozi ilikuwa ya mama yangu ninayemjua.

Nikamwita kaka.

"Ile dawa yako ikikaa kwenye mwanga, unaifanyaje?"

"Nimekwambia mara ngapi? Imeharibika hiyo. Ni ya kumwaga."

"Chupa umezificha kabatini. Mama umemweka dirishani."

Akautazama ule mkono. Mama akageuza viganja vyake, akaangalia kabati, kisha akamwangalia yeye.

"Sasa mimi, mwanangu, utanimwaga wapi?"

Niliita teksi nikampeleka hospitali. Daktari alisema kidonda kitafunga, mguu utabaki. Rangi ya fedha ngozini haitatoka.

Jioni kaka alikuja wodini na chupa ya kahawia ndani ya koti, na kijiko. Mama alimwona tangu mlangoni. Akaniambia nifunge pazia la kitanda, kisha akageukia ukutani mpaka kaka alipoondoka.