Hongo ya Gari la Moshi

Mwaka huu wa 1910, ambao Wadachi wameifikisha reli Dodoma, mimi Sila nimetenda jambo la kihistoria. Nitalieleza kwa utulivu unaomfaa kijana aliyefundishwa na wamisionari kukaa wima.

Shule ilipofungwa nilikwenda kwa mjomba Ndahani, upande wa Msalato. Enzi za misafara mjomba alikuwa mtoza hongo wa mtemi. Msafara wowote uliokatiza Ugogo ulikuta njia imezibwa kwa matawi ya miiba, na haukupita mpaka utoe nguo na shanga. Wadachi walipokuja wakaifuta hongo. Mjomba akabakiwa na hadithi zake, ambazo hata mbuzi wake wanazijua.

"Hilo gari la moshi," aliniuliza tukila ugali na mlenda, "linapita bure tu?"

Shetani wangu, ambaye ni mwanafunzi hodari kuliko mimi, akanyoosha mkono.

"Bure? Mjomba, hujasikia? Tumesomewa shuleni. Litatoa hongo kama misafara ya zamani. Ila sharti lizuiwe. Lisipozuiwa, litajuaje pa kulipia?"

"Usinitanie, we mtoto."

"Nikutanie wewe, mjomba wangu?" Nikafumbata mikono kama niko kwenye sala.

Kwetu mpwa humtania mjomba hata msibani, kwa hiyo nilitegemea anirushie tonge. Hakurusha. Alitazama mlangoni, na uso wake wote ukawa wa mtu aliyeitwa tena kazini. Hapo ningeweza kusema kwamba ni mzaha. Nikaona nimwache afurahi hadi asubuhi.

Asubuhi hakuwepo. Nilikimbia hadi relini, nikamkuta amevaa nguo yake njema, mikono imefungwa kamba. Alikuwa ameziba reli kwa miiba, akakaa kando kwenye kigoda kungoja. Gari la wajenzi lilifunga breki kwa kishindo. Hakuumia mtu, lakini Wadachi hawajasahau vita vya Maji Maji, na njia iliyozibwa kwao ni uasi.

Bwana msimamizi wa Kidachi alijua Kiswahili. Mjomba anajua Kigogo tu. Mkalimani wao alikuwa amelala na homa, na askari akaiona kanzu yangu ya shule.

"Wewe, msomi! Njoo huku."

"Muulize nani amemtuma," bwana akasema. "Akimtaja, anarudi kwake sasa hivi. Asipomtaja, ni mnyororo na kuvunja mawe."

Nikatafsiri neno kwa neno. Sauti yangu ilitoka safi kabisa, jambo ambalo silisahau.

Mjomba akanitazama. Nadhani alikwishaelewa tangu watu waliposhuka garini na bunduki badala ya nguo.

"Mwambie sikutumwa," alisema. "Mwambie ni uzee wangu. Na wewe acha kutetemeka, watakuona."

"Anasema hakutumwa na mtu, bwana."

"Kiswahili chako kizuri," bwana akanisifu. Kisha akawageukia askari. "Mchukueni."

Wakamvuta. Alijikwaa, na kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa akaanguka kifudifudi. Hapo ndipo ulimi wangu ulipopata haya.

"Bwana, ni mimi! Mimi ndiye niliyemdanganya!"

"Huyu ni nani wako?"

"Mjomba wangu."

"Basi ndiyo maana." Akanipigapiga begani. "Mtoto mwema hutetea watu wake. Rudi shuleni."

"Kweli, bwana, nilimwambia mimi, tukila..."

Alikwishaondoka.

"Ulikuwa unamwambia nini?" mjomba aliuliza, vumbi limemjaa mdomoni.

"Kwamba ni mimi."

"Akasemaje?"

"Hakuamini."

Mjomba akacheka. "Pole, mpwa wangu. Mjinga wa kukuamini nilikuwa peke yangu."

Wakampeleka.

Nyumbani mkewe alikuwa anatwanga. Nilimsimulia yote, kuanzia ule ugali. Niliinamisha kichwa nipigwe, nikamwonyesha hata mahali pazuri pa kupiga.

"Kukupiga nitachoka bure," alisema. "Ng'ombe hawajafunguliwa."

Nikaenda kuwafungua. Shule ilifunguliwa wiki iliyopita, nami ningali nachunga. Yule dume mwekundu wa mjomba hanitii. Kila jioni husimama mlangoni pa zizi akatazama njia ya kwenda relini, nami nasimama nyuma yake nikimsihi, kwa Kigogo na kwa Kiswahili safi, aingie.