Antena Kifuani mwa Mama

Kazini walimwita Waya, kwa kuwa kutwa alishinda akibuni antena ndogo kama ukucha. Ziliwekwa mwilini pamoja na vifaa vya moyo, daktari apate taarifa bila kumpasua mgonjwa tena. Mama yake mwenyewe alikuwa nacho kimoja kifuani. Taarifa zake zilipoanza kukatikakatika, Waya alibeba mashine ya kupimia akaenda nyumbani kwa mama, akijilaumu njia nzima kwamba antena yake imeharibika.

Alikuta kifaa kizima, betri nzima, ila mawimbi yalikuwa hoi. Antena ile aliibuni kwa kipimo cha kifua chenye nyama; nyama ikiisha, mawimbi nayo hudhoofu. Aliposogeza shuka kifuani mwa mama, vidole vyake vilikutana na mifupa mitupu.

"Mama, umekonda hivi tangu lini?"

"Uzee tu huo, mwanangu. We rekebisha mtambo wako."

"Na kula, unakula?"

Mama akageukia ukutani. "Chakula hakishuki. Sikutaka kukutia roho juu."

Kesho yake walikwenda hospitali. Baada ya vipimo, daktari alimwita Waya pembeni ampe habari mbaya, akamkuta tayari analia; mifupa ile ilikwisha kumwambia.