Udongo Ulioungua

Baba alikuwa ameketi jikoni juu ya debe lililopinduliwa, akasema haendi popote. Nyumba zote za mstari wetu, pale Makongeni, zilikuwa zimeshang'olewa milango. Nje, jirani yetu Ndirangu alishikilia mkokoteni uliobeba kitanda na kochi letu.

"Mzee Wakoli, greda inaingia kesho kubomoa," aliita. "Tukubebe na hiyo debe ama?"

Baba hakucheka. "Triza alipika hapo nyuma maisha yake yote ya ndoa," aliniambia. "Nikitoka, nani atajua?"

Ni kweli. Marehemu mama hakuipenda gesi. Alikuwa na mafiga yake nyuma ya nyumba, na majirani waliolalamikia moshi ndio hao hao waliokuja na sahani mrenda ulipoiva. Nilimwonea baba huruma, na ukaidi wake ukanitia hofu.

Miaka miwili kabla ya hapo, masomo yalinipeleka Uskoti, kwenye kilima cha upepo na kondoo, kuchimba mabaki ya kambi ya askari wa Roma ya kale. Walikuwa wapita njia tu: jioni walizungushia handaki, wakalala, asubuhi wakashika safari. Hawakuacha ukuta wala jina. Nilipiga magoti kwenye baridi ile mpaka nikafikia duara la udongo mwekundu ulioungua, mahali walipookea mkate. Nikalia kama mtoto, maana nilikuwa nimekumbuka nyumbani.

Pale jikoni nikachuchumaa, nikamwonyesha baba picha ya duara lile kwenye simu.

"Huu moto ni wa lini?"

"Karibu miaka elfu mbili, Baba."

"Na walilala usiku mmoja?"

"Pengine mbili."

Aliitazama sana. "Na greda je?"

"Inakwangua juu. Moto wa mama umeshuka chini." Nilijibu kwa mapenzi zaidi kuliko kwa elimu.

Akainuka, akang'oa rafu ya jikoni, akaivunja kwa goti na kuwasha moto kati ya mafiga. Tulisonga ugali. Ndirangu alikula akinung'unika kwamba hakuna mboga, kisha akaomba ukoko.

"Sasa moto umetosha, Baba," nikasema. "Twende."

"Ongeza kuni, binti yangu. Siku moja mtoto wa watu atakuja kuchimba hapa. Asihangaike."

Nikaingia ndani kung'oa rafu ya pili.