Yowe la Jabali

Kwa matoleo manane ya ule mchezo wa video, Jabali hakuwahi kuvua kofia yake ya chuma. Alipigana nayo, alilala nayo, aliogelea nayo, jambo ambalo hata mtoto angeuliza inawezekanaje, lakini wachezaji walimpenda hivyohivyo. Sasa toleo la tisa lilikuwa jikoni, na mwandishi wa hadithi yake, dada mmoja mwembamba asiyejua kuogopa mkutano, alikuwa ameandika kwamba safari hii Jabali anaivua. Chini ya kofia kuna mwanamke.

Ofisi ikawaka moto. Watu waliokuwa wakiazimana chaja jana, leo hawasalimiani kwenye ngazi. Mchoraji, aliyemchora Jabali tangu toleo la kwanza, aliapa kwamba ataacha kazi kabla hajamchorea hereni. Wengine walisema ni wakati wake, wengine walisema ni wazimu, na Mkuu wa kampuni, mtu wa kupenda amani kupita kiasi, akaitisha kikao cha kumaliza maneno. Kisha, kwa akili zake mwenyewe, akamwalika Ngurumo.

Ngurumo ndiye aliyekuwa sauti ya Jabali. Jina hilo alipewa na watu wa ofisini kwa sababu akicheka vikombe vinatikisika, au tuseme vilikuwa vikitikisika, kabla hajapasuliwa koo. Alikuja na shati lililopigwa pasi likasimama, akakaa kando ya Mkuu, akamkonyeza binti yake aliyekuwa kwenye kona na mashine zake.

Binti huyo ndiye fundi sauti wa kampuni, na wote walimwita Fundi tu. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kama mtu aliyekalia makaa. Wenzake walidhani wanajadili mwanamume au mwanamke. Yeye alichokuwa akikiona mbele yake ni heshima ya baba yake, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo baba yake hakulijua, na aliyemficha ni yeye.

Jambo lenyewe ni hili. Kurekodi shujaa wa mchezo kuna sehemu mbili. Kwanza anasema maneno yake, taratibu, na maji ya uvuguvugu pembeni. Mwisho kabisa zinarekodiwa kelele: kuchomwa mkuki, kuungua, kuzama, kuanguka kutoka mnarani. Zinawekwa mwisho kwa kuwa zinakwangua koo, na siku hiyo ofisini wanaiita machinjioni. Baada ya upasuaji Ngurumo aliyaweza maneno. Machinjioni palimshinda. Katika toleo la saba alipiga mayowe mchana kutwa, akatoka kwenye chumba cha vioo shati limelowa chapachapa, akasema, "Leo nimekufa vizuri," akaenda zake nyumbani na furaha tele. Fundi alipoyasikiliza yale mayowe hakumsikia Jabali. Alisikia mtu mgonjwa. Roho ikamuuma, akajifungia mwenyewe mle chumbani, akapiga yote kwa koo lake, kisha akayashusha kwa mashine mpaka yakawa mazito kama ya baba. Hakumwambia mtu yeyote. Toleo la nane akafanya vilevile.

Basi Ngurumo aliposimama kikaoni kusema neno, Fundi alimkazia macho.

"Mimi sina ugomvi na wanawake," Ngurumo alisema kwa sauti yake ya mkwaruzo. "Nimezaa mmoja, na ananishinda kwa kila kitu. Lakini Jabali si sura, jamani. Jabali ni yowe. Mwanangu, hebu wawekee lile la mnarani, toleo la saba."

Fundi akabonyeza. Yowe likajaa chumba, likapanda, likavunjika, likaisha chini kabisa mahali ambapo mtu anagonga ardhi. Watu wakapiga makofi, hata wale waliotaka mabadiliko. Ngurumo akatazama huku na huku, macho yanang'aa.

"Nitafutieni mwanamke wa kutoa hilo," alisema, akakaa.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mchoraji alikuwa ameshaanza kutabasamu kwa ushindi, lakini mwandishi hakuwa mtu wa kukata tamaa.

"Mzee wangu, heshima yako iko palepale," alisema. "Ila hilo tumelisikia likiwa limeshapikwa. Mashine mpya za toleo la tisa zinataka sauti mbichi, vile ilivyotoka mdomoni. Naomba tuisikie mbichi."

Mkuu akauona mlango wa amani, akaukimbilia. "Vizuri! Mbichi ikifaa, Jabali anabaki alivyo, na mzee wetu hatapiga kelele tena, tutatumia hizohizo. Isipofaa, tunabadilisha na hakuna kununa. Fundi, unazo?"

"Ni za zamani hizo," Fundi alisema. "Sidhani kama..."

"Anazo!" Ngurumo alimkatiza. "Mimi mwenyewe nilimwona akizirekodi. Nenda, mama, walete hapa wasikie."

Alikwenda. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, kidogo, kimebandikwa sponji kuta zote, na faili lilikuwepo palepale alipoliacha. Kubonyeza mara moja tu, linafutika. Angesema limepotea, Jabali angekuwa mwanamke, na baba angemwona binti yake mzembe aliyemponza. Hilo angeweza kulimeza. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe mlango uliposukumwa, Ngurumo akaingia bila hodi, kama baba yeyote.

"Umeipata?"

"Natafuta."

Akavuta stuli, akakaa, akakohoa kidogo kwenye kitambaa. Mbele za watu alikuwa simba. Humu ndani alionekana mtu aliyechoka.

"Yule mwandishi wenu anajua kuongea," alisema. "Karibu anishawishi na mimi. Lakini, mama, wakimpa mtu mwingine, mimi nitaambiwa nini? Asante mzee, kaa nyumbani ulinde nyanya zako."

"Huna nyanya, baba."

"Ndiyo maana sitaki kukaa nyumbani."

Walicheka wote wawili, na kicheko kikamfanya Fundi ajisikie vibaya zaidi. Akapiga moyo konde. "Baba, lile yowe la mnarani..." alianza. Mlango ukafunguka tena. Mkuu, mwandishi, mchoraji, na nyuma yao wengine wamejazana koridoni wakirefusha shingo.

"Tumeona tuje hukuhuku," Mkuu alisema kwa uchangamfu. "Ipo?"

"Ile pale," Ngurumo alijibu, akionyesha kioo cha kompyuta kwa kidole. "Si imeandikwa mnarani?"

Maji yalikuwa yamemfika Fundi shingoni. Mezani mbele yake kulikuwa na kitufe cha kuzungusha, kile cha kuifanya sauti nyembamba iwe nzito. Akili ya mtu aliyebanwa ni kitu cha ajabu. Alikizungusha polepole kuelekea kushoto, mkono mwingine ukijifanya unapanga karatasi. Yowe lingetoka zito, wangedhani ndiyo mbichi yenyewe, wangeridhika, wangerudi kwenye chai yao. Akacheza faili.

Alichosahau ni kitu ambacho mafundi sauti hukifanya kila siku mpaka hawakisikii tena. Kabla ya kila kelele, fundi hutangaza kwenye kipaza sauti ni kelele gani na ni mara ya ngapi, ili baadaye zisichanganyike. Siku ile alikuwa peke yake, na mazoea ni mazoea, akatangaza.

"Kuanguka mnarani, mara ya tatu," spika zilisema, kwa sauti nzito ya Jabali. Ikafuata pumzi moja tu. Kisha yowe.

Mchoraji aliangua kicheko. "Mzee, kumbe ulikuwa unajitangazia mwenyewe?"

Ngurumo hakucheka. Miaka yote aliyosimama kwenye chumba cha vioo hakuwahi kutangaza hata mara moja. Aliyekuwa akitangaza siku zote ni mtu wa upande wa pili wa kioo. Alitazama spika, akatazama mkono wa binti yake ulioganda juu ya kitufe.

"Kirudishe hicho," alisema.

"Baba..."

"Kirudishe, ucheze tena."

Akakirudisha. Sauti ya Fundi, ileile wanayoisikia kila asubuhi ikiomba mtu apunguze kiyoyozi, ilisema, "Kuanguka mnarani, mara ya tatu." Ikavuta pumzi, ikapiga yowe, ikaanguka mpaka chini. Hakuna aliyepiga makofi. Mwandishi alijiziba mdomo. Fundi aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka mezani, na aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Tangu lini?" Mkuu aliuliza taratibu.

"La saba na la nane."

"Basi tumekuwa tukigombana bure. Jabali ni mwanamke siku nyingi, na hakuna mchezaji aliyelalamika." Alimtazama mchoraji, na mchoraji akatazama viatu vyake. "Anaivua kofia. Sauti tunayo."

"Na tunatangaza!" mwandishi alisema, amesahau hata kushusha sauti. "Hii ni hadithi kubwa kuliko niliyoandika mimi. Dunia nzima ilidhani..."

"Mkitangaza, tafuteni koo lingine," Fundi alisema, amesimama. "Nasema kweli. Baba yangu hamtamfanya kichekesho."

Aligeuka kumtazama. Stuli ilikuwa tupu.

Alimkuta nje, nyuma ya jengo, pale wafanyakazi wanapoegesha pikipiki. Ngurumo alikuwa ameegemea ukuta, mikono mfukoni. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Fundi.

"Nisamehe, baba. Sikutaka uaibike."

"Uliyapiga vizuri," alisema. "Lile la mnarani umenizidi. Hilo nakwambia kama mtu wa kazi."

Fundi alitaka kushusha pumzi, lakini baba yake alikuwa hajamaliza.

"Daktari aliniambia nisikatishe matibabu. Kila wiki nifike, na mazoezi ya koo nyumbani, na kelele marufuku. Toleo la saba likatoka. Nikaliweka yowe la mnarani kwenye simu, nikampelekea. Nikamwambia, sikiliza, halafu useme tena kwamba hili koo ni bovu. Akasema yowe zuri halimwonyeshi hali ya koo, niendelee kuja. Nilimcheka usoni. Sikurudi tena."

 Fundi alikuwa ameusikia ule mkwaruzo ukizidi, toleo hadi toleo, na kila ulipozidi alimshukuru Mungu kwamba yupo yeye wa kuuziba.

"Twende kwake sasa hivi. Nachukua ruhusa, twende."

"Nimekwenda mwezi uliopita. Amesema nimechelewa. Maneno yenyewe haya yanaondoka." Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Leo sikuja kupigania kazi, mama. Nilijua siwezi tena. Nilikuja ili zile kelele zangu za mwisho zibaki."

Aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuomba.

"Zangu, zile nilizopiga mwenyewe siku ile mpaka nikalowa. Hata kama mbaya. Unazo?"

Fundi alikuwa amezifuta jioni ileile, asije mtu akazisikia.

"Sina, baba," alisema.