Mti Uliogeukia Barabara

Okidi alikuwa amestaafu upelelezi, lakini upelelezi ulikataa kumwachia. Siku hizi alisimamia walinzi wa ghala moja kule viwandani, na bado hakunywa chai bila kujiuliza ni nani aliyekishika kikombe. Sasa alikuwa ameanza kuushuku mti.

Ulikuwa mti wa mkewe, Akidi: mti mfupi wa chunguni, wenye shina nono na majani manene yaliyojaa maji, ukikaa dirishani kwenye fleti yao ya mtaa wa Bugolobi. Tangu binti yao Ayaa aolewe na Akram, kijana wa Kinubi, na Okidi kuapa kwamba asimwone tena binti huyo mlangoni pake, Akidi alihamishia mapenzi yake kwenye chungu kile. Aliyapangusa majani vumbi moja moja. Hakuumwagilia maji kabla ya kuchomeka kidole kwenye udongo na kuuona umekauka kabisa, maana maji mengi huozesha mizizi. Okidi aliwahi kuuonea wivu, akajicheka mwenyewe.

Kisha akaona jambo. Mti ule ulikuwa na tawi moja zito, lililopinda. Yeye akiwa nyumbani, tawi lilitazama ndani. Siku moja alisahau simu akarudi ghafla, na akiwa barabarani akaliona tawi limetazama nje. Wiki iliyofuata akarudi ghafla tena, safari hii kwa makusudi, akalikuta nje vilevile.

"Mti yako inageuka-geuka sana," alisema mezani.

"Mzee, nisipogeuza itainama yote upande ya jua," Akidi akajibu bila kuinua macho. "Hiyo miti iko hivyo."

Okidi hakuridhika. Alimwendea mama mmoja auzaye miche kando ya barabara, akamweleza mti ulivyo, naye mama akathibitisha: ugeuzwe kidogo kila wiki, utasimama sawa. Kila wiki, Okidi alijiambia akiondoka, si kila ninapovaa viatu. Kazini alishakutana na mambo haya. Huyu alining'iniza pazia jekundu kumwashiria hawara, yule alifungulia redio kwa sauti, na mwenye nyumba daima alikuwa wa mwisho kujua. Sasa mwenye nyumba ni yeye. Aliumia kwelikweli, kwa sababu alimpenda Akidi, na hakujua angeishi vipi mle ndani akiondokewa na mwanamke huyo.

Asubuhi ya mkutano wa kina mama kanisani, alimngoja mkewe atoke. Akaligeuza tawi litazame barabara, kama lilivyotazama siku zile mbili. Akalitoa juu ya kabati rungu lake la zamani, akajibanza nyuma ya mlango. Ghalani aliwaambia anaumwa, na kwa kweli alijisikia mgonjwa.

Haukupita muda, hatua zikapanda ngazi polepole. Mlango ukagongwa kwa ncha za vidole. Okidi akaufungua kwa nguvu, rungu juu.

Alikuwa Ayaa, na mtoto mchanga mgongoni. Alilitazama rungu, akamtazama baba yake, kisha akaitazama namba ya mlango kama mgeni anayeisoma kwa mara ya kwanza.

"Samahani, afande," akasema. "Nimekosea nyumba."

Kumbe hawara aliyemwinda wiki zote hizi ni bintiye mwenyewe, akinyata ngazini kuja kumwona mama yake kila baba anapotoka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mtoto alimkodolea macho, naye hakujua hata kama ni wa kiume au wa kike.

"Huyu nani?" akauliza, na sauti ikatoka ileile ya kituo cha polisi.

"Ni mtoto ya Akram."

Ayaa akageuka, akaanza kushuka, mkono mmoja ameupeleka nyuma kukikinga kichwa cha mtoto.

"Ayaa," Okidi akaita. Mwaka mzima hakuwa amelitamka jina hilo. Hatua zikaongeza kasi, kisha zikasimama kwenye kona ya ngazi.

"Baba, tafadhali, mama usimpige. Ni mimi nilimuomba ageuze mti."

Okidi hakuwahi kumpiga Akidi hata siku moja. Alitaka kumwambia bintiye hivyo, lakini rungu alikuwa bado ameliinua, na Ayaa alikuwa ameshaliona.