Nusu Yangu ya Nyumba

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga aliyevaa tai. Nilisimama mbele ya hakimu nikaeleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha shinda, kwamba nilihama kwa adabu zote: nilifagia chumba changu, nikamkabidhi mwenzangu ufunguo, nikamwambia, "Nusu yangu hiyo, nimeirudisha."

Hakimu akavua miwani. "Nusu ipi, bwana? Mlipanga nyumba nzima, mkatia sahihi wawili. Mmoja akikimbia, kodi haikimbii naye. Mwenye nyumba ulimuaga?"

Sikuwa nimemuaga.

Mwenzangu tulimwita Sindano, fundi cherehani, mwembamba kama jina lake. Mimi nilikuwa mwoka mikate. Kila siku nilirudi alfajiri nimetapakaa unga, na nikifumba tu macho, cherehani yake inaanza upande wa pili wa ukuta: trrr, trrr. Tuligombana mpaka majirani wakachoka kutuamua. Mkataba haujafika hata nusu, nikajitwika godoro langu. Kodi ikamlemea Sindano, mama mwenye nyumba akatushtaki sote, na mali pekee ya kukamatwa kufidia deni ilikuwa ile cherehani, aliyoachiwa na marehemu mama yake.

Leo nina nyumba yangu, imetulia kama maji mtungini. Alfajiri nageuka kitandani nikiitafuta ile trrr, usingizi hauji. Nakumbuka miezi niliyorudi kumalizia mkataba: mkate wangu wa moto juu ya meza yake, makombo yakichanganyika na vipande vya vitambaa, na cherehani palepale pake, ikinguruma kama mwenye nyumba wa kweli. Nacheka peke yangu.

Lakini sikurudi kwa hiari. Siku ile ya kesi hakimu alitutoa nje tukapatane. Pale koridoni mama mwenye nyumba akasema ataiondoa kesi tukilipa pamoja na kukaa wote wawili hadi mkataba uishe. Nikaruka kimanga.

"Mimi nilishahama, ndugu yangu! Hata mto wangu haumo mle!"

Sindano hakuinua sauti. Alikuwa amechomoa sindano kwenye kola yake, na muda wote niliomfokea alikuwa akinikazia kifungo cha koti kilichokuwa kinaning'inia. Akainama, akakata uzi kwa meno.

"Wewe umehama," akasema. "Sahihi yako bado inaishi kwangu. Na afadhali yenyewe, haikoromi."