Majina Yaliyotoka Yamelowa

Kila Ijumaa saa nne asubuhi Agneta Wakhungu aliwasha printa, akapanga karatasi, kisha akaweka makarai mawili sakafuni kando ya meza. Ofisi ya mradi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbegu mjini Kitale. Wakati mmoja mwenye duka alikuwa amepanda ngazi kulalamika kwamba maji yanapenya darini na gunia moja la mahindi limeota. Tangu siku hiyo hawakukosa karai.

Ilikuwa mwaka wa 2006. Aliyeanzisha mradi ni Daktari Nderitu, mwana wa mkulima wa Kachibora, aliyekwenda kusomea takwimu za tiba ng'ambo akarudi na kompyuta tatu. Alikuwa ameilisha programu yake kadi elfu kumi na mbili za wajawazito wa miaka iliyopita, waliojifungua salama na waliokufa. Programu ikasoma umri, presha, uzito uliopanda ghafla, miguu iliyovimba, na umbali kutoka nyumbani hadi kliniki, mpaka ikajifunza jinsi kifafa cha mimba kinavyokuja kabla hakijafika. Sasa ilisoma kadi za wajawazito wapya, na kila Ijumaa ikatoa orodha mbili za waliokuwa hatarini, moja ya Kitale na moja ya Bungoma.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya programu. Maji yalikuja yenyewe.

Kuanzia wiki ya pili, baadhi ya majina yalitoka yamelowa. Wino haukuharibika. Maji safi yalijikusanya juu ya herufi, yakateremka ukingoni mwa karatasi, yakadondoka bila kukoma. Nderitu alibadilisha karatasi, kisha printa. Aliandikia kampuni iliyomuuzia, ikamjibu kwamba dhamana haihusu maji. Kufikia wiki ya sita hakuna aliyekuwa na swali tena. Katika majina thelathini ambayo programu ilisema yana hatari, matano au sita yalilowa, na hayo yalikuwa ya wanawake ambao wangekufa wasipofikiwa.

Nakala ya orodha ya Kitale ilichukuliwa na Sista Wahu, muuguzi wa mradi, aliyezunguka Saboti na Kachibora kwa pikipiki akiwaita akina mama waje hospitali mapema. Alianza na waliolowa. Karatasi zenyewe zilibaki ofisini zimeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na Wahu alipiga simu kutoka huko aliko.

"Agneta, yule wa Saboti ameshajifungua. Angalia kwa kamba."

"Amekauka, Sista."

"Haya. Naenda kwa mwingine."

Orodha ya Bungoma haikuchukuliwa na mtu. Ilichapishwa siku hiyo hiyo, ikafungiwa ndani ya kabati la chuma chumba cha pili, ili mwisho wa mwaka ilinganishwe na ya Kitale. Wanawake wa Bungoma waliendelea kwenda kliniki kama kawaida. Walikuwa wametia sahihi fomu ya kukubali kadi zao zisomwe, na zilisomwa. Kabati lilivuja chini ya mlango. Jina likikauka, karatasi ilibaki imekunjamana mahali pale, na kwa kuangalia tu huwezi kujua kama mama amepona au amekufa. Hilo lilisubiri ripoti za kliniki.

Agneta alikuwa mtu wa Bungoma. Mwezi wa pili wa mradi aliuliza, huku akikamua tambara.

"Daktari, hawa wa kwetu hatungewaambia?"

Nderitu alivua miwani. Hakuwa mtu wa kumkemea mfanyakazi. "Tukiwaambia wote, Agneta, hatutajua kama ni orodha iliyowaokoa ama ni bahati. Na kama hatujui, wizara haitaichukua. Halafu hata hawa wa Kitale wataikosa mwaka ujao."

"Si maji tunayaona?"

"Maji hayana safu kwenye ripoti."

Aliinama, akamsaidia kubeba karai hadi kwenye bomba la nje.

Mwezi wa Agosti, Ijumaa ya pili, jina la kumi na tisa katika orodha ya Bungoma lilikuwa la Ivy Wakhungu, miaka ishirini na minne, mimba ya kwanza. Ivy alikuwa mdogo wake Agneta wa tumbo moja. Maji yalitoka kwenye jina hilo kwa kasi kuliko mengine, yakapita juu ya mstari wa chini yake. Agneta aliishika karatasi mpaka mkono wa blauzi ukalowa hadi kwenye kiwiko. Kisha aliingia chumba cha pili, akaiweka kabatini, akafunga, na kumpelekea Nderitu ufunguo kama kila Ijumaa.

Jumamosi asubuhi alikuwa Bungoma. Ivy alikuwa uani anachambua maharagwe, miguu imenyooshwa mkekani.

"Viatu vyako viko wapi?" Agneta akamuuliza.

"Havinienei tena. Ati ni kawaida, wameniambia kliniki."

"Kichwa?"

"Kinauma tu jioni. Agneta, mbona unaniangalia hivyo?"

"Inuka twende hospitali."

"Si kliniki yangu ni Alhamisi?"

"Ivy. Inuka."

Walipita nyumba ya jirani, Makokha, fundi wa baiskeli. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Mama Tito, alikuwa amesimama mlangoni, naye ana mimba kubwa. Aliwatakia safari njema, akaahidi kumalizia maharagwe ya Ivy. Agneta alimshukuru.

Hospitali walipima presha ya Ivy mara mbili kwa sababu muuguzi hakuiamini mara ya kwanza. Alilazwa. Siku ya nne walimfanyia upasuaji, akapata mtoto wa kike mwenye kilo mbili kasoro, na wote wawili wakaishi. Agneta alipofungua kabati Ijumaa iliyofuata, jina la kumi na tisa lilikuwa kavu. Lililokuwa chini yake lilikuwa bado linadondoka, na hapo ndipo alipogundua kwamba maji aliyoyaona siku ile hayakuwa yote ya Ivy.

Alimweleza Nderitu ukweli siku hiyo hiyo.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Vizuri, Daktari."

"Mungu ashukuriwe." Kisha akafungua daftari la mradi na kuandika kwamba mshiriki nambari mia mbili na kumi na nne ameondolewa kwenye utafiti kwa kuwa taarifa zilivuja. Hakumfukuza Agneta. Alimwambia tu kwamba kuanzia sasa atachapisha orodha ya Bungoma mwenyewe.

Mama Tito alikufa mwisho wa mwezi, akiwa njiani kwenda zahanati. Mtoto alitolewa akiwa hai. Agneta alikwenda mazishini pamoja na Ivy, na kasisi aliposoma jina la marehemu, Jepkoech Makokha, Agneta alishika kiti kilichokuwa mbele yake. Katika miaka sita ya ujirani hakuwahi kumwita kwa jina hilo, na akina Makokha ni wengi Bungoma. Jina la ishirini, mstari mmoja chini ya Ivy.

Njiani kurudi Agneta alimweleza Ivy habari za orodha na kabati. Walipofika nyumbani Ivy alimchukua mtoto wa Makokha, akamnyonyesha ziwa la kushoto, wake la kulia, na ikawa hivyo kila siku.

Makokha alifika Kitale mwezi wa Septemba, saa tano mchana, amevaa koti la mazishi. Ivy alikuwa amemwambia yale aliyoambiwa na dada yake. Alipewa kiti. Maji ya kabati yalimfikia viatuni, naye hakuisogeza miguu.

"Shemeji Agneta, salama?"

"Salama, Baba Tito. Pole sana."

"Nimeshapoa. Nimekuja kuangalia karatasi tu."

Agneta alimtazama Nderitu. Karatasi hizo hazikuruhusiwa kuonwa na mtu wa nje. Nderitu aliinuka, akafungua kabati mwenyewe, akaitafuta ile ya Agosti, akaiweka mezani mbele ya Makokha. Makokha alipitisha kidole chenye grisi juu ya jina la mke wake. Lilikuwa kavu, limekunjamana.

"Lilitoa maji siku ngapi?"

"Kumi na nane," Nderitu akasema.

"Kumi na nane." Makokha alitikisa kichwa polepole. "Baiskeli ninazo nane pale kwangu. Ningempeleka kwa yoyote."

Chini, dukani, mtu alikuwa anapima mbegu.

"Na mliweka hii kabatini kwa nini, Daktari? Sigombani. Nataka kujua."

Nderitu alimweleza yote, bila kuficha wala kupamba: pande mbili, ulinganisho, wizara, miaka ijayo. Makokha alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Kwa hivyo mke wangu alifanya kazi hapa."

Nderitu alifikiri. "Ndiyo," akasema. "Unaweza kusema alifanya kazi."

"Mngemwambia, bana. Si angejua ako kazini."

Aliirudisha karatasi, akauliza kama kuna mahali pa kutia sahihi kwamba ameiona. Nderitu akasema hapana. Makokha alisalimia kwa mkono, Nderitu kwanza, kisha Agneta, akashuka ngazi. Alikuwa anataka kuwahi nyumbani, alisema, maana Ivy ananyonyesha watoto wawili na hana mtu wa kumchotea maji.

Ijumaa iliyofuata orodha zilitoka saa nne kama kawaida. Ya Kitale ilikuwa na majina ishirini na nane, manne yamelowa, na Sista Wahu aliondoka na nakala yake kabla chai haijamiminwa. Ya Bungoma ilikuwa na majina thelathini na moja. Nderitu aliitoa kwenye printa mwenyewe, akaishika kwa mikono miwili mbali na shati lake, na Agneta akamfungulia mlango wa chumba cha pili.